Katibu Aliyevunja Kambi

Katibu wa klabu yetu alikuwa mtu wa kuchosha, na mimi leo ni mzee nliyechoka, kwa hiyo msitarajie nimpambe. Jina lake silitaji. Mtaani kwetu Ng'ambo hakuna aliyemwita kwa jina hata wakati huo, mkewe mwenyewe, akimuulizia kwa majirani, alisema, "Katibu kapita hapa?" Alipovuliwa ukatibu watu waliendelea kumwita hivyo hivyo, safari hii kwa kebehi, na yeye akaendelea kuitika naam kama kwamba hakuna kilichotokea.

Alikuwa na baskeli asiyoipanda. Alikuwa karani bandarini, na kila alasiri akitoka kazini aliikokota baskeli ile kwa mkono kupitia Darajani mpaka klabuni, jasho linamtoka, kofia imerudi nyuma. Ukimuuliza mbona hupandi, anakwambia breki mbovu. Ukimwambia katengeneze breki, anakwambia fundi wa baskeli mwizi. Ukimwambia basi iache nyumbani, anakutazama kama mtu aliyekosa adabu. Miaka yote nliyomjua breki ile haikutengenezwa, na mimi mwishowe nliacha kuuliza.

Hakupenda kelele, hakupenda shamba, hakupenda mtu anayecheka kwa sauti, na kwa maneno yake mwenyewe hakupenda watoto. Watoto wa mtaa wakicheza mpira wa matambara chini ya dirisha la klabu alitoka na bakora akawatimua mpaka mferejini. Aliwaita majini. "Majini nyinyi, hamna kwenu?" Lakini zama zile ambazo mpira wa ngozi ulikuwa hauonekani dukani, kama vile mchele ulivyokuwa hauonekani, ni yeye aliyekwenda kuwabembeleza mabaharia wa meli za kigeni mpaka akapata mpira, akaja nao ameuzungushia gazeti, akawatupia wale majini wake na kuwaambia wakiupasua atawapasua wao. Yeye na mkewe hawakujaaliwa mtoto. Hilo hatukuwa tukilizungumza mbele yake.

Jengine, alikuwa mwoga. Nnalisema hili wazi kwa sababu baadaye watu walimfanya shujaa, na yeye hakuwa shujaa hata kidogo. Baada ya Mapinduzi kila mtu alijifunza kuchunga ulimi wake, lakini Katibu alizidisha. Mtu wa tawi la chama akipita barazani, Katibu alikuwa wa kwanza kusimama na wa mwisho kukaa. Mazungumzo yakielekea upande wa serikali, yeye alianza kuzungumzia mapapai, bei ya mapapai, namna mapapai ya siku hizi yalivyokosa ladha, mpaka watu wakachoka na mazungumzo yakafa. Aliogopa paka weusi, aliogopa radi, aliogopa uchawi kupita kiasi. Mkononi, juu ya kiwiko, chini ya kanzu, alifunga hirizi, na alikuwa akiigusa gusa kama mtu mwenye upele.

Ila alikuwa na jambo moja, sijui alilipata wapi. Alijua kusikiliza. Mtu yeyote aliyemjia na neno, awe mkubwa au mdogo, awe na kesi ya viatu vilivyoibiwa au ugomvi wa namba ya jezi, Katibu alimwambia, "Keti kwanza." Kiti kilikuwa kimoja mle chumbani, na alikitoa yeye, akakaa juu ya sanduku la njumu kuukuu. Halafu ananyamaza. Hakukwambia una hakika, hakukwambia labda hukuelewa, hakutikisa kichwa. Alikungoja umalize, na ukishamaliza alikuuliza swali moja, na aghalabu halikuwa lile ulilolitarajia. Baada ya hapo alilalamika kuwa umempotezea wakati, akakufukuza.

Sasa wasioujua mpira wa zama zile lazima niwaeleze kambi. Mechi kubwa ikikaribia, wachezaji walihamishwa majumbani kwao wakawekwa nyumba moja, mbali na mtaa, wakala pamoja na kulala pamoja mpaka siku ya mechi. Watu wakisema ni kwa ajili ya kupumzika. Ukweli ni kwamba kambi ilikuwa ya fundi, yule mganga wa timu, na dawa yake ilikuwa na miko. Mchezaji hasemi na mtu wa nje. Mwanamke hakanyagi. Mzazi haji kumuulizia mwanawe. Chakula cha nyumbani hakiingii. Njiani hufungwa kamba yenye kitambaa, na asiyehusika akiivuka, kambi imevunjika na mechi imeshauzwa. Tuliamini, msitucheke. Hata leo mnaamini, ila mmebadilisha majina.

Kambi ilikuwa ya wakubwa. Aliyeileta kwenye timu ya watoto alikuwa Kocha wao. Kocha huyu alikuwa mtu wa watu. Msikitini safu ya mbele, sokoni anawabebea wazee vikapu, mdomo wake umejaa asali. Watoto aliwapenda na alionekana kuwapenda zaidi wale wasio na baba. Hao aliwanunulia viatu, akawapa peremende, akawafunza kuogelea. Tukasema huyu ana huruma, Mungu amzidishie. Kaka yake alikuwa mkubwa katika tawi, na hilo nalo lilimsaidia. Juu ya yote, watoto wetu chini yake walichukua kikombe, wakakichukua tena.

Katibu peke yake ndiye aliyenuna. Kuhusu peremende alisema mtu mzima anayempa mtoto wa mwenziwe kitu kila siku aulizwe anataka nini. Kuhusu kambi alisema watoto wa miaka kumi kambi yao ni kwa mama zao. Kamati ikamzidi kwa kura, kwa sababu ya kikombe. Tukamwambia ana husuda, akalalamika kuwa kiti chake kimelegea mguu, akaondoka.

Mara moja mama mmoja alikwenda kambini, mwanawe alikuwa na homa, akavuka kamba kumpelekea dawa ya hospitali. Timu ikafungwa. Wanawake wenziwe wakawa hawamsemeshi mferejini, hawamuazimi chumvi, hawaendi kwake msibani, mpaka akahama mtaa. Baada ya hapo hakuna mzazi aliyethubutu tena. Watoto wakienda kambini walikuwa kama waliosafiri Maka.

Mimi nlikuwa dereva wa gari ya mbao ya abiria, njia ya kusini, Tunguu mpaka Jozani mpaka Paje. Ijumaa moja baada ya sala nlikuwa nimekaa barazani kwa klabu nnakunywa kahawa, abiria wangu wanakusanyika. Watoto walikuwa kambini Tunguu kwa ajili ya fainali ya Jumapili, katika nyumba ya shamba ambayo mwenyewe alikuwa ameshaondoka nchini. Akaja bibi mmoja wa mtaa wetu, mpika mikate ya kumimina, anayemlea mjukuu wake wa kiume kwa kuwa wazazi wake wote wawili wameshafariki. Mwanamke hakuwa akiingia klabuni. Akasimama mlangoni, buibui amelivuta mpaka puani, anaangalia chini.

Katibu akamwona. Akakitoa kile kiti nje, akakiweka barazani.

"Keti kwanza, Bi Mkubwa."

Akaketi. Alianza na habari ya unga, namna foleni ilivyokuwa, namna alivyokosa. Katibu akanyamaza tu. Halafu yule bibi akasema kwa sauti ndogo kwamba mjukuu wake tangu kambi iliyopita anakojoa kitandani, na umri huo alikuwa ameshaupita. Usiku wa kuamkia siku ile alilia hataki kwenda. Alipombembeleza akamwambia kuwa wenziwe wakishalala, Kocha humwita chumbani kwake. Na kwamba Kocha kamwambia akifungua mdomo, dawa ya kambi itageuka na bibi yake atakufa. Alisema na mengine. Hayo mimi sitayarudia. Mwenye kuelewa keshaelewa, na asiyeelewa ashukuru Mungu.

Mimi pale nlitaka kupiga kelele. Katibu hakusema hata astaghfirullah. Uso wake ulikuwa umekauka, na mkono wake ulikuwa juu ya hirizi. Alimuuliza swali lake moja.

"Sasa hivi mtoto yuko wapi?"

"Yuko kambini," akasema yule bibi, na hapo ndipo alipolia. "Nimempeleka mwenyewe asubuhi. Nliogopa watu, Bwana Katibu. Nliogopa wataniambia nimevunja kambi."

Katibu akamwambia kafanya vyema kuja. Akamwambia aende nyumbani, asimwambie mtu yeyote, hata jirani wa ukuta mmoja, na mtoto akirudi asimhoji, ampe chakula amwache alale. Yule bibi akauliza, kwani atarudi leo? Katibu akasema atarudi. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza kama gari ina petroli. Nikamwambia nna abiria wa Paje na mizigo yao ishapakiwa. Akasema wateremke, wangoje. Nlimjua kuwa ni mwoga, lakini siku ile nliona kitu machoni mwake nikawateremsha abiria, wakanitukana sana.

Njiani mara mbili aliniomba nisimame, akaenda pembeni kukojoa, kwa hofu tu. Mimi nlikuwa nnasema peke yangu, nnaapa nitamvunja Kocha miguu. Tulipokaribia Tunguu akaniambia ninyamaze na nisimguse mtu. Akasema nikimpiga Kocha, kesi itakuwa ya kipigo, na ya mtoto itasahauliwa.

Kamba ilikuwa imefungwa baina ya minazi miwili, na kitambaa chekundu katikati. Nikasimamisha gari. Mimi sikuvuka, na sitajitia ushujaa hapa, mwili ulinikataa. Katibu akasimama mbele ya kamba kwa muda. Huyu alikuwa mtu ambaye akiona nazi iliyovunjwa njia panda anazunguka mtaa mzima. Akasoma alichosoma, akapandisha kanzu yake mpaka magotini, akavuka mguu mmoja, akavuka wa pili. Watoto waliokuwa uani wakauacha mpira.

Kocha akatoka ndani anatabasamu. Hakupandisha sauti.

"Katibu, umevunja kambi."

"Nimevunja."

"Nani kakwambia nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na kila kitu, na mimi sikujua wakati ule. Kama Katibu angesema nimeambiwa, yule mtu angejua kuna mtoto aliyesema, na angemjua ni yupi. Katibu, aliyekuwa akiwacheka watu wanaosimulia ndoto, akasema, "Sikuambiwa na mtu. Nimeota. Nimelala baada ya sala nikaota gari imepinduka na watoto hawa wote ndani, wamevikwa sanda. Siwezi kuwaacha hapa. Nyinyi majini, chukueni vitu vyenu, twende."

Watoto waliingia garini bila ya kuuliza, na mmoja wao alikuwa wa kwanza kabisa, hata viatu aliviacha. Katibu hakumtazama huyo zaidi kuliko wengine. Kocha alitaka kupanda naye. Katibu akamwambia gari imejaa. Gari haikuwa imejaa hata nusu. Katibu akakaa nyuma pamoja na watoto, na nlimsikia njia nzima anawagombeza, huyu akae vizuri, yule asichungulie nje. Tukafika mjini jua halijazama. Aliwapeleka nyumba moja baada ya nyengine, na kila mlangoni alisimulia ile ndoto upya, na kila mlangoni sanda zilizidi kuwa nyeupe.

Jumamosi nlimpeleka kwa Mwenyekiti wa klabu. Kwa Mwenyekiti alisema kweli yote, ila jina la mtoto hakulitaja. Mwenyekiti alikuwa mtu mzuri, msomi, na nlidhani mambo yatakwisha pale. Akasema jambo hili ni zito, kwa hiyo mtoto aletwe, asimame mbele ya kamati na mbele ya Kocha, aseme, na Kocha ajibu, kama inavyofanywa katika haki.

"Mtoto hawezi kusimama mbele ya mtu yule," Katibu akamwambia. "Wewe mwenyewe huwezi kusimama mbele ya kaka yake."

Mwenyekiti akamwangalia, akaangalia mlango, akasema basi tungoje fainali ipite. Tukaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alisikiliza vizuri, akataka jina la mtoto na jina la mshitaki, halafu akauliza huyo Kocha ni nani. Alipoambiwa, alivua kofia akaiweka mezani. Akamwambia Katibu, kwa upole, nenda nyumbani Mzee ukapumzike. Yule bibi naye, Katibu alipomwendea kumuuliza kama yuko radhi mjukuu wake atajwe, alikataa kwa machozi. Mtaani ataitwaje, alisema, ataoa vipi, atakaa na nani? Mimi nlikasirika, nikamwambia Katibu amlazimishe. Katibu akanijibu kuwa mtoto kalazimishwa ya kutosha. Akasema hilo neno ni la yule mtoto, yeye kapewa alishike tu.

Jumapili tukafungwa mabao mengi. Kamati iliitwa usiku ule ule, na ukumbi ulijaa mpaka nje. Katibu akasimamishwa kati. Walimwambia kahongwa na wapinzani. Walimwambia kavuka kamba ya fundi kwa makusudi. Kocha alikaa mbele, mnyonge, anawasihi watu wasimtukane mzee. Na Katibu alisimama pale, na Mwenyekiti anajua, na mimi nnajua, akasimulia ndoto. Watu walicheka. Alisimulia gari, akasimulia sanda, mtu mmoja nyuma akauliza kama alikuwa amekula kiporo, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nlisimama kutaka kusema. Akanikata jicho, nikakaa.

Wakamvua ukatibu. Lakini yule fundi, ambaye riziki yake ilikuwa humo humo, alisimama akasema ndoto ya sanda si ya kuchezewa, na kwamba kambi ya watoto haina budi isimame mpaka isafishwe. Nani aisafishe, kwa kitu gani, lini, hakusema. Watu wakaogopa. Kambi ya watoto haikurudi tena katika klabu yetu. Tulipotoka, Katibu akikokota baskeli, aliniambia, "Ukweli hawakuutaka. Ndoto wameiogopa." Hakusema kwa furaha. Alisema mguu unamuuma.

Mlidhani yamekwisha? Kocha alibaki. Kambi ilikufa lakini mazoezi yalikuwepo kila siku baada ya alasiri, nyuma ya skuli, na baada ya mazoezi kulikuwa na mtoto wa kubaki kukusanya mipira, na mtoto wa kusindikizwa. Siku ya pili tu ya kuvuliwa cheo, Katibu alikuja kiwanjani na kiti cha kukunja amekifunga nyuma ya baskeli. Akakikunjua pembeni ya mstari, akakaa. Kocha akamwamkia, "Shikamoo Katibu." Akajibu, "Marahaba." Akakaa mpaka mtoto wa mwisho alipoondoka, na huyo wa mwisho Katibu akamfuata nyuma, baskeli mkononi, mpaka akaingia kwao. Kesho yake akarudi.

Alikuja kila siku, mvua na jua. Watu walimwita Katibu wa Ndoto, na watoto pia, maana yeye mwenyewe hakuacha kuwagombeza. Alimtukana kipa, akamtukana winga, akasema hajapata kuona timu mbovu kama ile. Shikamoo na marahaba zikaendelea baina ya watu wale wawili, kila alasiri, kama kwamba ni majirani wema. Mkewe alilalamika kuwa yeye anasimama foleni ya unga peke yake, mumewe kaoa kiwanja. Alikuwa na haki mwanamke yule. Mara nyengine walilala na chai tupu kwa sababu Katibu hakuwepo kushika nafasi. Nlimwambia, Mzee, pumzika japo siku moja.

"Nimechoka, bwana," akanijibu. "Usidhani sijachoka. Lakini na yeye anangoja nichoke."

Yule mtoto hakurudi kwenye mpira. Bibi yake alimtia kwa seremala, akawa kijana mkimya. Akimwona Katibu njiani alimwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, na Katibu akamgombeza kwa sauti kuhusu vifungo vya shati lake. Hakuna siku aliyomuuliza umzima vipi, wala aliyompapasa kichwa kwa huruma. Mimi nliona ni ukavu. Baadaye sana kijana mwenyewe, akinichongea kitanda, aliniambia kuwa katika sisi tuliojua, wawili tu ndio waliomtazama kama watoto wengine, bibi yake na Katibu, na bibi yake alikuwa akijilazimisha.

Kocha mwishowe aliondoka. Alisema mji una husuda, hautaki maendeleo. Nikamwambia Katibu, umeshinda. Aliniuliza kaenda wapi, nikamwambia sijui. Baada ya muda nikasikia kuwa Katibu kastaafu bandarini, na hayupo mjini. Mkewe alisema kaenda shamba, na aliposema hivyo alifunga mlango. Nikashangaa, maana Katibu na shamba walikuwa hawaelewani. Akisema shamba kuna kimya kinachomuumiza kichwa.

Ikapita miaka. Siku moja nnaingia Paje na gari imejaa, alasiri, nnapita nyuma ya skuli, nisikopita kwa kawaida, nikaona watoto wanacheza mpira. Pembeni ya mstari nikaona kile kiti.

Nikasimamisha gari katikati ya njia. Alikuwa yeye. Kakonda zaidi, ndevu nyeupe, kanzu imefubaa, baskeli imelazwa mchangani nyuma yake. Na kule upande wa pili, firimbi shingoni, alikuwa Kocha, kanenepa kidogo. Nikamwamkia Katibu, akaitikia bila ya kunigeukia. Akaniuliza mbona gari yangu ina kelele kiasi kile, siitengenezi?

Nikachutama karibu yake. Akaniambia kuwa alipofika aliwaendea wakubwa wa pale, akamwendea na mwalimu mkuu, akawaeleza. Wakamsikiliza wote mpaka mwisho, halafu wakamuuliza katumwa na klabu gani ya mjini. Walidhani mjini wanamtaka Kocha wao arudi, ndiyo wamemtuma mzee kuja kumtia dosari. Basi akapanga chumba. Mkewe huja akipata gari, hukaa siku chache, hulia, hurudi.

Mpira ukapigwa mbali, watoto wakaukimbilia upande wa goli la mwisho, Kocha nao. Katibu aligeuza uso wake upande ule, lakini nikaona kuwa anageuza kwa kufuata sauti. Nikamtazama vizuri. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe, mtoto wa jicho kayaziba.

"Katibu," nikamwambia, "lile goli la kule unaliona?"

"Silioni. Hata hili la hapa silioni vizuri."

"Sasa unatazama nini?"

Akasogeza kiti chake kidogo, akakaa wima, uso kaulekeza kiwanjani.

"Yeye hajui kama sioni," akasema.

Abiria wangu walikuwa wanapiga mbao za gari, wananiita. Muadhini akaanza kuadhini. Katibu akaniambia kuwa sala ya jamaa ya alasiri hajaipata tangu atoke Ng'ambo. Husali pale pale pembeni ya mstari, upesi upesi, na hajui kama inakubaliwa. Alilisema kama mtu anayelalamikia mguu.

Nikamshika mkono nikamwinua. Nikamwita mtoto mmoja wa abiria wangu, pamoja na mama yake, wamwongoze mpaka msikitini. Hakubisha. Alikuwa mwepesi mno mkononi mwangu. Alipopiga hatua chache akasimama, akaniuliza bila ya kugeuka kama nimeshakaa. Nikamwambia nshakaa, nenda.

Nlikuwa nimekaa kweli. Abiria wakanitukana, nikawaacha watukane. Kule uwanjani Kocha alikiona kiti kina mtu mwengine, akasimama, akakinga jua kwa kiganja anitazame vizuri. Na mimi nikamtazama. Macho yangu mimi yalikuwa mazima.